Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama, assalaam alaykum.

Mwaka huu tulipanga safari tatu za baiskeli nje ya Muscat, hapa Oman, tukaenda mbili. Ya Aprili tuliifuta baada ya mafuriko yaliyochukua roho za watu Mudhaibi, wengi wao wanafunzi. Baadhi yenu mliuliza kwa nini tusingoje siku chache barabara ikauke. Watu wako matangani, sisi tupite na kofia za rangi rangi? Haikuwezekana.

Safari ya Januari ilikuwa ya Sharqiya, upande wa mashariki, kutoka Ibra hadi Bidiyah, ukingoni mwa jangwa. Njia ni tambarare, lakini upepo ukivuma mchanga huhamia juu ya lami, na tairi nyembamba zikiukanyaga huteleza kama zimepakwa mafuta. Walianguka wawili, michubuko tu, alhamdulillahi. Ibra tulichelewa. Wazee waliokaa barazani walitusikia tukibishana kwa Kiswahili, wakatuita: mmoja kasoma skuli Unguja, mwingine kazaliwa Pemba. Ikaja tende, ikaja kahawa, likaja jua la saa tano. Simlaumu mtu.

Sasa safari ya mlima wa Jabal Akhdar, maana najua ndiyo mnayoingojea.

Tulianza Birkat al-Mawz alfajiri ya Ijumaa moja ya Novemba. Kituo cha polisi chini ya mlima hakiruhusu gari lisilovuta magurudumu yote manne, kwa hiyo gari la kusindikiza tulilikodi, na hapo ndipo ilipokwenda sehemu kubwa ya fedha zetu. Hesabu atawasomea mweka hazina. Kipande ambacho mashindano ya baiskeli ya Tour of Oman hukitumia ni kilomita 5.7 tu, ila mwinuko wake wa wastani unapita asilimia 10. Chris Froome, bingwa wa baiskeli mzaliwa wa Nairobi, alishinda hapo mwaka 2014. Vijana wetu walianza kupanda wakilitaja jina lake. Baada ya kona mbili sikulisikia tena. Juu, uwanda wa Saiq uko kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake iliwafanya wanaume wazima waombe shuka kwenye gari.

Kamati iliamua kwamba hakuna atakayeshuka kwa baiskeli. Mwanachama mmoja alikasirika, akaniambia kumpandisha mtu mlima halafu ukamnyima mteremko ni dhuluma. Namwelewa. Lakini barabara ile imewekewa njia za pembeni za kuwaokoa wenye magari yaliyokatika breki. Na breki zetu nyingi hubana rimu, lile duara la gurudumu linaloshika tairi: ukizishikilia muda mrefu rimu hupata moto, na tyubu hupasuka. Mimi yalinikuta mteremko wa Amerat, ambao ni mfupi kuliko huo, na rimu ilikuwa haishikiki kwa mkono. Wenye breki za diski, zinazobana sahani ya katikati badala ya rimu, wana hoja; walete pendekezo leo tulipigie kura. Nitalipinga, lakini kura ni kura.

Safari ijayo, inshallah, ni Februari: Nizwa, Bahla, mpaka Al Hamra. Majina yaandikishwe kwa katibu kabla hatujatawanyika. Baiskeli nitazikagua mwenyewe usiku wa kuamkia safari, na atakayeleta tairi iliyolika atapanda gari.