Usimlaze Bibi Yako

Mwanangu Zuhura,

Barua yako imefika, na picha ya bibi yako akiwa kitandani, mkono umetundikwa shingoni, nimeitazama sana. Najua unamlea kwa mapenzi. Umemkataza kukuna nazi, kufua, hata kujifunga mtandio. Nazi na kufua umefanya vyema. Lakini nimehudumu miaka mingi kwenye fiziotherapia, na nataka ulijue jambo hili sasa, kabla hogo, ile plasta ngumu ya mkononi mwake, halijakatwa: kilichovunjika ni kifundo cha mkono, ila kinachoweza kumpotea ni bega.

Gegedu linalofunika ncha za mifupa kiungoni halina mishipa ya damu. Chakula chake kimo kwenye ute wa kiungo, na linakipata vizuri kiungo kinapobanwa na kuachiwa, kama dodoki linavyonyonya maji. Bega likikaa wiki 6 bila kuinuliwa, gegedu linadhoofika, kifuko kinachozunguka kiungo kinanywea na kukakamaa, nyuzi zake zinashikana, na ndani kunaota nyama ya mafuta na makovu mahali palipokuwa wazi. Kijana hurudi upesi. Mtu wa umri wa bibi yako hupata tabu: chembe hai za gegedu zimepungua, na kwa miaka mingi sukari ya mwilini imezigandamanisha nyuzi za kolajeni, zile zinazoshikilia gegedu na kifuko, kidogo kidogo, zimekuwa ngumu. Isitoshe ana kisukari, na wenye kisukari huweza kugandwa na bega hata bila kuanguka.

Zamani madaktari nao walisisitiza mapumziko. Hugh Owen Thomas wa Liverpool, katika karne ya 19, alitaka kiungo kigonjwa kitulizwe kwa muda mrefu bila kukatizwa. Alikuwa akitibu kifua kikuu cha viungo wakati dawa yake haijapatikana, simlaumu. Miaka ya 1970, daktari wa mifupa Robert Salter wa Toronto alionyesha kwa sungura kwamba gegedu lililojeruhiwa hupona vizuri zaidi kiungo kikichezeshwa kuliko kikifungwa.

Kwa hiyo muulize daktari wake kama bega na kiwiko viko huru. Akikubali, kila baada ya saa moja au mbili za mchana mtoe kitambaa shingoni. Akunje ngumi na kuinyoosha, kidole gumba kiguse kila kidole. Akunje kiwiko, akinyooshe. Kisha mkono mzima aunyanyue ule wenye hogo hadi juu ya kichwa, taratibu, yeye mwenyewe, wewe usimvute. Atalalamika kwamba kunavuta, na kuvuta kidogo si kitu. Yakiwa maumivu makali, apumzike.

Na kitandani atoke. Miguu haikuvunjika, na misuli ya mzee huyeyuka upesi akilala siku kumi tu. Mtandio ajifunge mwenyewe, hata ukichukua nusu saa.

Vidole vikivimba sana, vikibadilika rangi au kufa ganzi, usingoje kuche. Hogo limebana, mpeleke hospitali.

Akihirimia sala, anaponyanyua mikono, tazama ule mkono unafika wapi: kifuani, begani au juu zaidi. Nitapiga simu Ijumaa baada ya Magharibi, uniambie.

Nisalimie mumeo na wajukuu zangu.

Baba yako