Jina la mjukuu wangu: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Salaam nyingi kutoka Kibokoni. Sote wazima, alhamdulillah. Ile orodha ya majina ya kiume uliyonitumia kwa simu nimeisoma jana baada ya isha, jina kwa jina. Nimeona umetia alama mbele ya matatu: Jabari, Jelani na Bakari. Nakujibu kwa karatasi kwa sababu jambo lenyewe nalitaka likae.

Walioandika orodha ile wasema Jabari ni "shujaa". Kweli mtu jabari ni mtu mwenye nguvu, lakini Al-Jabbar ni katika majina 99 ya Mwenyezi Mungu, na kwetu mtoto huitwa Abduljabbar, mja wa Jabbar. Jelani wameandika "mwenye uwezo". Jelani ni mahali, mwanangu. Jilan ni eneo la Uajemi, alikotoka Sheikh Abdulqadir Jilani aliyefariki Baghdad mwaka 1166, na mwenye kumpa mwanawe jina hilo amkusudia yeye. Na Bakari wameliandikia maana ambayo sijui waliitoa wapi. Bakari ni Abubakar, khalifa wa kwanza. Bakr kwa Kiarabu ni ngamia mchanga. Ukimwita mwanao Bakari utakuwa umempa jina tukufu, ila mpe kwa maana yake, si kwa maana ya kubandikwa.

Mimi jina nalipima kwa ulimi wangu mwenyewe. Nalitafuta katika maneno niyasemayo kila siku, na mara nyingi nalikuta limekaa humo. Salim yumo ndani ya salama. Karim yumo katika ukarimu, Nassor katika nusura, Faraji katika faraja, Sabri katika subira. Hakim yuko kotekote, kwenye hekima na kwenye hukumu. Wazee wetu hawakuhitaji orodha. Mtoto aliyezaliwa baada ya dhiki aliitwa Faraji, na kila amwitaye amejiombea. Wengine waliangalia kalenda tu: Juma, Hamisi, Rajabu, Shaabani, Ramadhani, na Haji kwa aliyezaliwa siku za hija.

Usidhani jina ni kitu chepesi. Imepokewa katika Bukhari kwamba mtu mmoja aitwaye Hazn, yaani ugumu, alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akaambiwa wewe ni Sahl, wepesi. Akakataa, akasema hawezi kuacha jina alilopewa na babake. Mjukuu wake, Said bin Musayyab, akaja kusema kwamba ugumu ule haukuwatoka katika ukoo wao. Babu yangu alinisimulia hadithi hii nikiwa nimeshika mimba yako.

Sasa nikwambie nilitakalo mimi. Nataka jina la babako lirudi.

Hapa Mombasa majina huzunguka hivyo. Mtoto ana jina lake, kisha la babake, kisha la babu yake, na mwana wa kwanza akipewa la babu, mnyororo unarudi ulikoanzia. Mtazame Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa papa hapa mwaka 1933. Babake ni Sheikh Al-Amin, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na babake Sheikh Al-Amin ni Sheikh Ali. Ali, Al-Amin, Ali. Ulimwengu ulimjua profesa, na kila walipomtaja, babu yake naye alitajwa. Na watu wa mkeo, Wagiriama, hawako mbali na sisi katika hili. Wao pia wajukuu hubeba majina ya mababu. Zungumza na mkweo wa Kaloleni kabla hamjakata shauri. Akitaka mtoto awe na jina la kwao pia, mpe. Karisa ni mchungaji, Charo ni safari. Yote ni majina ya heshima na yatamfaa nyumbani.

Babako ni Swaleh. Kuliandika naliandika; kulitamka mbele ya watu sikuzoea, hata miaka 38 ya ndoa nalimwita Baba, na ulipozaliwa wewe nikamwita babako. Swaleh ni mtu mwema, mwenye kutengeneza mambo. Suluhu na maslahi yametoka katika mzizi huo huo. Ni jina la nabii aliyetumwa kwa Thamudi, yule wa ngamia, na pwani hii limezidi kupendwa kwa ajili ya Habib Swaleh wa Lamu, aliyeasisi Msikiti wa Riyadha. Na wewe wajua babako alivyokuwa: majirani wakigombana juu ya ukuta au maji, walibisha mlango wetu.

Jambo moja la kuangalia sana ni herufi. Ile w yapasa kuwapo. Ni yetu watu wa pwani, tunaiandika kwa ajili ya herufi swadi ya Kiarabu, kama tunavyoandika swala. Kwenye kitambulisho babako aliandikwa Saleh, kwenye faili ya kazi Swaleh, na alipostaafu ofisi ikamwambia hao ni watu wawili. Miezi saba alikwenda na kurudi na hati ya kiapo mkononi, mtu mzima, akithibitisha kwamba yeye ndiye yeye. Nilimwona akishuka tuktuk mlangoni, bahasha imelowa jasho, asiseme neno. Kwa hiyo hospitalini wasikuharakishe. Kuandikisha mtoto mwataka mfanye kabla ya miezi 6, na jina sheria yaruhusu kuingizwa au kurekebishwa ndani ya miaka 2. Soma karatasi herufi kwa herufi kabla hujatia saini.

Mkeo asione tabu kutamka jina la mkwewe. Amwite Babu, kama wanawake wengi wafanyavyo huku, na jina lenyewe litamngoja akue. Adhana utampa wewe sikio la kulia, iqama la kushoto, mara tu akizaliwa. Siku ya saba ni akika, kumchinjia mtoto, mbuzi wawili kwa kuwa ni mwana mume. Nywele zikinyolewa, zipimwe, mtoe sadaka ya madini ya fedha kwa uzito wake. Mbuzi nimeshamwambia muuzaji.

Jana alasiri nilikuwa nakuna nazi. Nyumba tupu. Nikalitamka: Swaleh. Nikanyamaza, nikasikiliza, mkono umesimama juu ya mbuzi ya kukunia na tui la chakula cha jioni halijaanza. Kisha nikalitamka tena, kwa sauti ya kuita mtoto aliye uani.

Mamako