Madhara ya tabianchi kwa akili yasisahaulike

Ndugu Mhariri,

Watu wengi, wakiulizwa jinsi mabadiliko ya tabianchi yanavyodhuru afya, hutaja joto kali, malaria na kuhara, na hawakosei, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mambo hayo pamoja na utapiamlo yangeongeza vifo vipatavyo 250,000 kila mwaka kati ya 2030 na 2050. Kinachonisikitisha ni kwamba madhara ya akili hutajwa mwishoni, kana kwamba ni udhaifu wa mtu binafsi.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, vijana 10,000 wa nchi 10 waliulizwa maoni yao. Asilimia 59 walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa mno, na zaidi ya asilimia 45 wakaeleza kwamba hisia hizo zinavuruga maisha yao ya kila siku. Aliyepoteza nyumba kwa mafuriko hupewa dawa, jambo jema kabisa, lakini ni nadra kuulizwa analalaje mvua inapoanza kunyesha tena. Naomba wanaopanga huduma za dharura wamjumuishe mshauri nasaha katika kikosi cha kwanza, si baada ya miezi.

Wako,
Msomaji