Barua kwa Salim kuhusu zile gari mbili

Ndugu yangu Salim,

Assalaam aleikum. Huku Ohio sote wazima, watoto wanakusalimia, na baridi ndiyo kwanza inaanza. Picha ulizonitumia kutoka Maskati nimezipata: Chevelle ya 1970 na Mustang ya 1974. Unaniuliza mbona hiyo ya pili ni rahisi mno, na muuzaji anaapa kwamba zote ni V8, yaani injini ya silinda nane.

Mustang ya 1974 haikuuzwa na V8 hapa Marekani. Ilitoka na silinda nne za lita 2.3 au V6 ya lita 2.8, na ile ya silinda nne ilikuwa na nguvu za farasi 88 tu. Ukifungua boneti ukaikuta V8, ujue kuna mtu aliipachika baadaye.

Umeandika kwamba gari za Kimarekani za namna hii, zenye injini kubwa na mbio (wenyewe huziita muscle car), ziliuawa na nchi za Kiarabu zilipoifungia Marekani mafuta Oktoba 1973. Wengi husema hivyo, lakini mimi naona zilikuwa mahututi kabla ya hapo. Chukua Pontiac GTO, iliyoufungua mlango mwaka 1964 kwa kutia injini ya lita 6.4 kwenye bodi ya gari la kawaida, kwa bei ambayo kijana mwenye kazi aliimudu. Mwaka 1966 ziliuzwa zaidi ya 96,000. Mwaka 1972, petroli ikiwa bado rahisi na hakuna foleni kwenye vituo vya mafuta, hazikufika hata 6,000. Kampuni za bima zilikuwa zimewapandishia vijana malipo mpaka wakaikimbia. Na sheria ya hewa safi ya 1970 ilivifanya viwanda vijiandae kwa petroli isiyo na risasi, kwa hiyo vikapunguza mgandamizo ndani ya silinda, na nguvu ikashuka. (Sehemu ya kushuka huko ni ya kwenye karatasi. Zamani injini ilipimwa bila chujio la hewa wala ekzosi yake kamili. Kuanzia 1972 wakaipima ikiwa na vifaa vyake vyote.)

Ndipo mafuta yakaja kumalizia. Pipa lilitoka kama dola 3 hadi karibu dola 12. Kwenye majimbo mengine mwenye gari la namba shufwa alijaza leo, mwenye witiri akasubiri kesho. Barabara kuu zikawekewa kikomo cha maili 55 kwa saa. Plymouth Barracuda, nyingine ya aina hiyo, ikafa 1974, na GTO mwaka huohuo.

Ila linaloniuma mimi, niliye fundi, si mafuta. Mafuta yakipanda, mtu hununua gari dogo, na Detroit, yaani kampuni kubwa za magari za Marekani, tayari walikuwa nalo: Chevrolet Vega, iliyoingia sokoni 1970. Bloku ya injini ilikuwa ya aluminiamu, pistoni zikisugua aluminiamu yenyewe bila slivu ya chuma, na juu yake wakafunga hedi ya chuma. Rejeta ilikuwa ndogo. Maji yakipungua kidogo inachemsha, silinda zinaharibika, inaanza kula oili na kutoa moshi wa buluu. Bodi nayo, walipoichovya kwenye dawa ya kuzuia kutu, hewa ilinaswa juu ya madigadi ya mbele na dawa haikufika pale. Kutu ikaanzia hapohapo, gari lingali jipya. Kiwanda chao cha Lordstown, hukuhuku Ohio, kilikusudiwa kutoa gari kama 100 kwa saa. Hesabu mwenyewe: sekunde 36 kwa gari. Wafanyakazi waligoma Machi 1972, na siwalaumu hata kidogo.

Mwenye kuchoshwa na gari la namna hiyo alikwenda kununua gari la Kijapani, Corolla au Civic, ikawaka kila asubuhi. Mteja huyo Detroit walimpoteza, na hawakumpoteza kwa sababu ya bei ya mafuta peke yake.

Sasa hiyo Chevelle. Injini zake zile kubwa ni imara kweli, lakini bodi za zamani zilikuwa na kasoro zake, nazo hupita gerejini kwetu mara kwa mara. Naona kwenye picha ina paa la vinaili. Maji huingia chini yake, hukaa kimya, hula bati kuzunguka kioo cha nyuma, kisha huteremka kwenye buti. Nyanyua zulia la buti uchokonoe sakafu kwa bisibisi. Pitisha sumaku kwenye mbavu za nyuma. Isiponata, kumejazwa puti. Anayeuza akikukataza kuchokonoa, ondoka zako.

Kisha nipigie picha namba iliyogongwa kwenye bloku, mbele upande wa kulia, na kibati cha namba ya chesisi kinachoonekana kupitia kioo cha mbele. Gari nyingi za kawaida zimegeuzwa SS, ile Chevelle ya mbio yenye thamani zaidi, kwa kubandikwa nembo tu. Usitoe hata riali ya amana kabla sijaziona namba hizo.

Msalimie sana Bi Zuwena na vijana.

Nduguyo,
Hamadi