Tairodi endi za 110 yako

Tabora

Kaka yangu,

Salamu nyingi kutoka huku Tabora, na wote nyumbani uwafikishie. Unasema Land Rover 110 yako inatangatanga, haishiki mstari ukiwa njiani Uvinza, na kwamba umeambiwa ununue tairodi endi zote (vile viungio vya ncha za fimbo za steringi) pamoja na shokapu mpya ya steringi. Usitoe hela kwanza. Shokapu mpya itaficha ulegevu kwa muda tu, na ulegevu wenyewe utabaki palepale ukiendelea kula vifaa vingine.

Itafute kwanza tairodi endi iliyolegea. Gari liwe chini, hendibreki imefungwa, mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Washa injini ili pampu ya steringi ifanye kazi, kijana mmoja akae ndani autikise usukani kushoto na kulia, kidogo kidogo, bila kuyageuza magurudumu. Wewe lala chini ukishike kila kiungio, kidole gumba kikiwa juu ya mpira wake wa kuzuia vumbi na vidole vingine kwenye mkono ulioungana nacho. Kilichokwisha utakihisi kinagonga kiganjani kabla jicho halijaona chochote.

Viungio ni vinne. Viwili vipo kwenye tairodi, ile fimbo ya nyuma ya eksili inayounganisha magurudumu mawili. Cha tatu kipo upande wa kushoto, mwisho wa fimbo ya mbele inayotoka kwenye boksi ya steringi. Cha nne ndicho kinachosahaulika: kimo ndani ya mkono wenyewe wa boksi, na hukarabatiwa kwa seti yake ya vipuri yenye kibofu (tufe la chuma linalozunguka ndani ya kiungio), vikombe na springi. Mtu hubadilisha vitatu vya kwanza, gari likaendelea kutangatanga, akadhani ameuziwa feki.

Wakati kijana anatikisa, itazame pia fimbo ya Panhard, ile inayoizuia eksili isisogee pembeni. Ukiona eksili nzima inasogea pembeni huku chesisi imetulia, bushi zake zimekufa, na hakuna tairodi endi itakayoponya hilo. Kisha piga jeki gurudumu moja moja, ulishike juu na chini, ulitikise. Likicheza hivyo, kasoro ipo kwenye beringi za gurudumu au pini za nako, zile gurudumu linapogeukia. Likicheza ukishika kushoto na kulia peke yake, rudi kwenye tairodi.

Ukishajua cha kubadilisha, pima kabla hujafungua hata nati moja. Hapa ndipo kazi nyingi za nyumbani zinapoharibika. Pima kutoka katikati ya kibofu kimoja hadi katikati ya kingine, uandike, kisha hesabu nyuzi zinazoonekana nje ya bomba la fimbo kila upande. Dukani nenda na za zamani mkononi: kwenye tairodi mwisho mmoja una nyuzi za kulia, mwingine za kushoto, na zikiwa kwenye maboksi ya dukani zinafanana sana.

Mwagia nyuzi na klempu (vibano vya ncha za bomba) dizeli au mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Udongo wetu mwekundu ukichanganyika na grisi unashika kama saruji. Nyoosha kotapini, ile pini ndogo inayozuia nati isifunguke, itoe, legeza nati lakini iache ishike nyuzi chache. Usigonge ncha ya pini ya kibofu. Tundu linaloshika ile pini limechongwa kwa mteremko, na linachotaka ni mshtuko wa ubavuni: weka nyundo nzito upande mmoja wa jicho la mkono, upige upande wa pili kwa nyundo nyingine. Mara tatu nne za nguvu zinatosha, na kibofu kitaachia chenyewe.

Hesabu mizunguko unapofungua ya zamani, na mpya iingie kwa idadi ileile. Kisha pima tena katikati kwa katikati, kwa sababu za viwanda tofauti hazilingani urefu. Safisha tundu na pini mpya vikauke kabisa, hakuna grisi hapo. Mteremko hushika kwa ukavu. Pini ikizunguka pamoja na nati, isukume kwa jeki ndogo kutoka upande wa mpira hadi ikae, halafu kaza. Nati za vibofu hukazwa kwa nguvu ya 40 Nm. Matundu ya kotapini yasipolingana, endelea kukaza kidogo hadi yalingane. Usirudishe nyuma hata robo. Kotapini iwe mpya. Kabla ya kukaza klempu, vibofu vya ncha mbili vielekee sawasawa, maana kimoja kikipinda mpira wake utachanika mapema.

Sasa alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu ya mbele. Piga mstari wa chaki katikati ya kila tairi la mbele, kwa kimo cha kitovu cha eksili. Pima umbali kati ya mistari miwili kwa mbele, sukuma gari mbele nusu mzunguko mpaka alama zilezile ziwe nyuma, pima tena. Kitabu cha 110 za zamani kinataka upana wa mbele uzidi wa nyuma kwa 1.2 hadi 2.4 mm. Fundi aliyezoea pikapu zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma atafanya kinyume, lakini 110 inavutwa na magurudumu yote muda wote, na ya mbele yakivuta hujibana kuelekea ndani. Kurekebisha, legeza klempu zote mbili uzungushe bomba; mzunguko mdogo unabadilisha mengi kwa kuwa ncha zote mbili zinasogea pamoja.

Gari likienda moja kwa moja lakini usukani umekaa upande, usiuchomoe usukani ukaurudisha wima. Rekebisha urefu wa fimbo ya mbele. Boksi ya steringi imebana zaidi pale katikati yake, na ukiiacha ikae pembeni utaendesha ukiwa sehemu yenye mchezo, na gari litatangatanga tena na viungio vyote vikiwa vipya.

Baada ya kwenda Kasulu na kurudi, ingia chini ukaze klempu tena. Nitumie vile vipimo viwili vya matairi, cha mbele na cha nyuma, kabla hujasafiri mbali.

Rafiki yako wa Tabora