Barua ya wazi kwa Mkurugenzi aliyechukua tope letu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Pole na majukumu. Nakuandikia hadharani kwa kuwa barua niliyopitisha ofisi ya kijiji ilipigwa muhuri, ikapokelewa, ikalala.

Utakumbuka vijana wako wa utafiti wa madini waliposhuka kwenye kijito chetu kinachomwaga maji mto Lupa. Walichota tope, wakachekecha, wakabakiza lile laini kabisa, wakaandika namba kwenye vifuko. Walitueleza vizuri, sina ugomvi nao: metali hung'ang'ania chembe laini, hivyo kifuko kimoja hutoa habari za bonde zima la juu yake. Wewe mwenyewe ukasimama mkutanoni ukaahidi majibu yatabandikwa ofisi ya kijiji. Ubao upo. Una tangazo la michango.

Wiki iliyopita mvua imebomoa kingo za marudio, yaani mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu, kule juu kwenye uchenjuaji. Tope la kijivu limeshuka mpaka bustani yangu ya mchicha. Mbuzi wangu wawili wamekufa. Bwana mifugo anahisi sianidi, jirani anasema zebaki, zote hutumika kutolea dhahabu, mimi nasema vyote viwili, na nani atanibishia ikiwa mwenye vipimo amenyamaza? Sokoni wananiuliza mboga nimemwagilia maji ya wapi. Nikijibu, wanahamia meza ya pili. Ada ya shule haisubiri ramani.

Nasikia ramani imekamilika, ina rangi nzuri, inaonyesha pa kutafutia dhahabu. Hongereni sana. Ila tope lilelile likipimwa husema na aseniki, sumu ambayo miambani mara nyingi hukaa pamoja na dhahabu, na husema madini ya risasi pia. Zebaki ndiyo ina masharti: sampuli ikikaushwa kwa joto kali, hugeuka mvuke ikaruka. Mlikausha vipi? Labda kimya hiki kimeanzia hapo.

Nchi iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020 ili zebaki ipungue. Maji ya Lupa nayo huishia Ziwa Rukwa, ambalo halina mto wa kutolea maji, na samaki wake tunawala sisi.

Sidai fidia, ingawa mbuzi wana bei, unajua. Naomba majibu ya kijito chetu, kwa Kiswahili, ubaoni. Yawe mabaya, tutayasoma hivyohivyo. Majibu tu, Mheshimiwa. Na kama zebaki hamkuipima, rudini mchote tena kabla mvua haijalisomba hili tope jipya.

Mkulima wa bustani,
Chunya, Mbeya