Vitabu vya ubatizo viskaniwe jamani

Mhariri, naomba kanafasi. Bibi yake babu yangu alikombolewa utumwani akalelewa misheni ya Bagamoyo, ile iliyofunguliwa 1868, soko la watumwa Zanzibar lilikuwa bado liko wazi, lilifungwa 1873. Sasa mtu kama huyo utampata wapi? Ni kwenye vitabu vya ubatizo vya misheni. Akibatizwa alipewa jina jipya, Maria, na kina Maria walikuwa wengi balaa, kwa hiyo usikimbilie jina, angalia wasimamizi wa ubatizo halafu fuata ndoa, hapo ndo ukoo unaanza kuonekana. Ila karatasi zenyewe zinapukutika ukizigusa tu! Wahusika waziskani mapema, na nyie vijana wa Dar muwarekodi wazee wenu kwenye simu, mbona ngoma za vigodoro mnarekodi?

Mjukuu wa Maria, Temeke